Siku mama mkwe alipompa nesi mtoto wa jirani ampime

Wakuu, na wajukuu zangu mliomo humu, marahaba kwa kila atakayeniamkia.

Mimi ni bibi wa Chanika, Handeni. Shule niliishia darasa la pili na naandika kwa kidole kimoja, lakini majina sisahau. Haya yalinikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Enzi za Mwingereza niliolewa Magoma, kule Korogwe. Nikamzaa Zuhura, mtoto wangu wa kwanza.

Zuhura alikuwa hanenepi. Miezi miwili, miguu kama vijiti, na kilio chake hata kuku hashtuki.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanjaa, alisema ni kijicho, mtoto asionwe na mtu wa nje. Maziwa yangu akasema ni mepesi, tumpe uji wa muhogo. Nami mkwe mgeni, ningesema nini?

Basi tukasikia kuna nesi anapita nyumba kwa nyumba kupima watoto. Nesi Agnesi, Mshambaa wa Vugiri. Alikuja na baiskeli, mizani ya kuning'iniza kaifunga nyuma.

Bi Mwanjaa kusikia kengele ya baiskeli, huyoo, mlango wa uani! Akarudi na Rajabu, mtoto wa jirani yetu Mwantumu binti Mhando. Rajabu yule, wakuu, mashavu yalikuwa yanagusa mabega.

Zuhura akafichwa chumbani. Mimi nikaambiwa, "We Mwanaidi, funga mdomo. Leo hatuaibiki."

Nesi akafunga mizani kwenye boriti ya baraza, akafungua daftari.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Zuhura," mama mkwe akajibu, kifua mbele.

"Hongereni, kanona kweli." Akamvua nguo, akamtia kwenye kitambaa cha mizani.

Hapo hapo Rajabu akakojoa. Juu! Mkojo ukamfikia Bi Mwanjaa usoni.

Bi Mwanjaa akajifuta kwa ncha ya kanga.

Nesi akasema taratibu, "Mama, huyu Zuhura wenu ana mambo."

Mwantumu alikuwa anachungulia uani, akaangua kicheko. "Bi Mwanjaa wee! Haraka yote ile, hukuangalia chini?"

Hata mimi nilicheka, wakuu. Kisha nikamsikia Zuhura analia ndani, kile kilio chembamba, kicheko kikanikauka. Nikaona nesi akiondoka na uzito wa Rajabu kwenye daftari, mwanangu ndiyo basi tena.

Sikuomba ruhusa. Nikaingia, nikamtoa.

Nesi hakufoka. Alikaa mkekani, akamweka Zuhura kwenye titi langu, akanionyesha namna ya kumshikisha. Uji basi, akasema, ni titi tu, kila anapotaka.

Kisha akamgeukia Bi Mwanjaa. "Mama, mimi naondoka, wewe unabaki. Huyu binti akienda shamba, nani atamwita aje anyonyeshe?"

"Mimi."

"Basi nakukabidhi wewe."

Wacha! Mama mkwe akageuka askari. Niko na jembe, nasikia sauti kutoka nyumbani, "Mwanaidiii! Titi!" Shamba zima hoi kwa kicheko. Natupa jembe, nakimbia.

Nesi akawa anarudi kila wiki, na kila wiki mizani inashuka kidogo zaidi kwa uzito wa Zuhura.

Mpaka ikafika siku Bi Mwanjaa alimbeba Zuhura mwenyewe hadi barazani, akina mama wote wa jirani wanatazama. Kijicho kakisahau kabisa. Akamvua nguo kabla hajaambiwa, akamwinua juu.

"Nesi, angalia vizuri! Huyu ndiye wetu!"

Vigelegele vyake Mwantumu ndivyo vilikuwa vya kwanza.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto dhaifu usimfiche kwa kuogopa aibu. Na wewe nesi unayeingia nyumba za watu, ukimkuta bibi mkali usimdhalilishe, mpe kazi.

Zuhura sasa ana wajukuu. Yuko hapa ubavuni ananisahihishia herufi, na amenikataza kuandika habari ya mkojo. Nimeandika.

Haya, watu wa Korogwe na Handeni, nani mwingine kwao alifichwa nesi alipopita? Semeni, Zuhura atanisomea.