Vitanda mbili, jiko moja, moteur haitembei

Habari ilinikuta ku salon ya coiffure hapa Makiso, kichwa imenyolewa nusu. Rafiki moja akaingia, akasema: "Ulisikia? Vieux ya tarif ametuacha asubuhi hii." Nikasimama na kitambaa ku shingo, nikaenda moja kwa moja ku matanga, upande moja propre, upande ingine pori. Musishangae. Mambo yangu yote nafanyaka nusu: ata masomo niliyaacha ku ya nne secondaire, na ile nusu ingine inaningoja mpaka leo. Vieux mwenyewe angecheka. Kisha angekamata bic yake, aandike vile ameona: kichwa moja, nywele nusu.

Juu ile njo ilikuwa kazi yake mbele ya retraite, ku douane, forodha ya hapa kwetu: kuangalia kitu yenye imetoka inje ya inchi na kusema iko nini. Batu banazani douane ni kupiga cachet ku karatasi tu. Hapana. Mbele ya cachet kuko buku kubwa ya tarif, na kila kitu ya dunia, kuanzia sindano mpaka ndege, iko na ukurasa yake, na ukurasa njo inasema utalipa taxe gani. Ukikipeleka ku ukurasa yenye haiko yake, umedanganya serikali, ata kama ulikuwa unatabasamu. Vieux alikuwa na manière yake: hakuandika kitu kama hajakishika na mukono. Anatandika natte chini, anatosha vyote inje, anauliza mwenye mali moja moja: "Iko?" Na mwenye mali anajibu: "Iko." Kisha anauliza na yenye haiko. Yote anaandika.

Tulijuana juu ya gari moja. Bazungu mbili, bwana na bibi, walikuwa banatembea Afrika mu gari ya kulala ndani: vitanda, jiko, lavabo, frigo, nyumba muzima nyuma ya volant. Karibu na Bengamisa moteur ikakufa. Bakangoja pièce mpaka bakachoka, bakarudi kwabo na ndege, na gari bakaachia maternité ya pale kama zawadi. Mama accoucheuse mwenye kuongoza ile maternité alifurahi sana, juu bamama ya mimba banatokaka mbali, banafika mbele ya siku yabo, na walikuwa banalala chini ku barza. Sasa mbili banalala ku matelas, na mulango inafungwa. Bon. Kisha douane ikasikia. Ile gari iliingia na ruhusa ya kupita tu, kisha itoke. Ikibakia, lazima déclaration, na taxe yake. Bila ile, banakuja kuivuta mpaka ku parking ya douane, na bamama banarudi ku barza.

Mama accoucheuse akanitafuta, juu naandikaka ku gazeti, akazani niko mutu ya akili. Sikumukatalia. Jirani yangu aliniambia kama magari ya kazi maalum, mufano camion ya pompier ya kuzima moto, iko na ukurasa yake mbali na magari ya kubeba batu, na kule taxe haiumi sana. Nikakaa, nikaandikia douane barua ya kurasa tatu. Gari ikakuwa "clinique mobile ya kisasa". Nikaweka table ya kupasulia. Nikaweka oxygène. Ilibakia kidogo niweke na chirurgien mwenye kupasua. Chini nikasaini "licencié", mutu mwenye alimaliza université, vile nimezoea kusaini hapa ku gazeti kila wiki, juu hakuna mutu aliniombaka diplôme.

Vieux akafika Bengamisa nyuma ya pikipiki, buku ya tarif mu sachet juu ya mvua, barua yangu mu mufuko. Akazunguka gari mara mbili.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, Vieux."

"Français iko muzuri sana. Hii clinique mobile, inatembea?"

"Moteur njo iko na shida kidogo."

"Kidogo." Akafungua capot ya moteur. Kuku ilikuwa ndani, inalalia mayai yake. "Na huyu njo chirurgien?"

Mama accoucheuse alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliangalia mbali, upande ya njia ya Banalia. Vieux akatandika natte. Kitanda? Iko, mbili. Jiko? Iko moja, gaz haiko. Frigo? Iko, majani ya pondu ndani. Table ya kupasulia? Nikaangalia kuku. "Journaliste, nauliza weye." "Haiko, Vieux." "Oxygène?" "Haiko."

Munazani nilinyamaza? Nikamuvuta pembeni: "Vieux, tutoshe vitanda. Bila vitanda haiko tena gari ya kulala, utaiandika gari ya kazi." Nilijisikia avocat ya kesi kubwa kabisa. Akaniangalia na huruma.

"Petit, grue inanyanyua mizigo. Pompier inazima moto. Hii inabeba batu na kubalalisha. Ata iko na jiko, ata iko na lavabo, inabakia ku ukurasa ya magari ya batu. Tuseme unatosha vitanda na tarif inakubali. Na bamama, balale wapi?"

Mama accoucheuse hakucheka tena. "Papa douanier, ukiandika vile, batakuja kuivuta. Hatuna ya kulipa. Niko na bamama mbili leo, bako ku barza banangoja umalize na natte yako. Moja hawezi kupita kesho bila kuzaa."

"Mama, naandika gari ya batu, juu iko gari ya batu. Lakini déclaration inasema kitu iko nini. Kuko karatasi ingine, ile inasema kitu inasaidia nani. Batu banadanganya ku ya kwanza, kisha ya pili haiwezi tena kubaokoa, juu hazifanane." Akakaa ku kingazi ya gari, akamuandikisha ombi ya kusamehewa taxe, kama zawadi ya maternité. Mistari kidogo tu: vitanda mbili, jiko moja, moteur haitembei, bamama banalala ndani. Barua yangu akaikunja, akanirudishia: "Chunga. Siku moja utafungua clinique."

Ombi ikakubaliwa. Miezi nyuma yake, batu ya contrôle bakatoka Kinshasa na liste mu mukono. Hapa mujini bakavuta gari moja yenye iliandikwa ambulance; ndani kulikuwa viti ya ngozi na musiki. Bengamisa bakahesabu: vitanda mbili, jiko moja. Bakafungua capot, kuku ikabapigia kelele. Bakaenda zabo. Kama barua yangu ilipita, gari ya maternité njo ingevutwa, na bamama bangelala chini juu ya français yangu.

Sisi tunapenda majina kubwa. Malewa, nafasi ya kula ya benchi moja, iko "Restaurant International". Toleka, kinga ya kubeba batu, niliona yenye imeandikwa "Première Classe", na kiti ilikuwa imepasuka. Tunazani jina kubwa njo inatuchunga. Yenye inakuchunga ni siku contrôle inafika na inakuta vile uliandika.

Ku matanga bakanipatia kazi ya kuandika banderole, kitambaa ya jina yake na kazi yake. Muwipwa ya Vieux, mutoto ya dada yake, akaniambia pole pole: "Tonton, andika Directeur. Umupandishe kidogo." Mujane akasikia: "Andika vérificateur, mwenye kukagua, ile njo alikuwa. Yeye angetandika natte."

Kisha protocole, mwenye kuita batu ya kusema, akakuja na mikro: "Nikutangaze na titre gani? Licencié?" Mama accoucheuse, mwenye alitoka Bengamisa na sufuria ya lituma, akageuka. Akauliza mbele ya batu yote, na sauti ileile ya Vieux:

"Diplôme?"

Nikajibu: "Haiko, mama."

"Kichwa?"

"Iko moja. Nusu haijanyolewa."

Mujane njo alianza kucheka, matanga yote ikafuata.

Basomaji yangu, muandike yenye iko, na musiogope kuandika yenye haiko. Mimi nimeanza. Muangalie chini ya hii safu: "licencié" nimeitosha.