Mume alikuwa Kolwezi, jicho lake kwenye kioo cha Ramla

Saa mbili asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, Ramla Amuri anasimama kwenye mlango wa chumba chake cha kushonea huko Kabondo, mjini Kisangani. Mkononi ameshika beseni dogo la plastiki. Hakuna mteja anayepita bila kuweka simu yake humo.

"Telefone hapa, maman."

"Hata kama imezimika?" anauliza Nuru, mteja mgeni aliyekuja na kitenge kimekunjwa kwapani.

"Hata kama imekufa. Tutaizika pamoja na zingine."

"Na bwana yangu akiita?"

"Ataita tena. Kama iko na haraka sana, iko na miguu."

Wanawake walioketi kwenye benchi la barazani wanacheka. Ramla hacheki. Anamkabidhi beseni Josée, mteja wake wa zamani, alilinde. Anafunga mlango, ndipo anauchukua utepe wa kupimia.

Ramla ana miaka thelathini na sita. Ufundi alifundishwa na mama yake mdogo, Fatouma, na kwa muda mrefu jina lake limejengwa juu ya jambo moja: kwake mwanamke anavua mtandio, anavua blauzi, anapimwa kifua na kiuno, wala hakuna mwanamume anayemwona. Wake wa familia za Kiislamu za mji huu humjia kwa sababu hiyo. Wake wa wavuvi na wachuuzi wa Kikristo nao humjia kwa sababu hiyo hiyo. Blauzi na sketi yake hushonwa kwa faranga elfu ishirini na tano, na fedha hizo ndizo zinazolisha watoto wake.

"Batu wananiletea mwili yao," anasema. "Mwili, si kitambaa ya liputa tu. Ukishindwa kuchunga ule mwili, weye si fundi."

Kwa zaidi ya mwaka mmoja, bila yeye kujua, mwanamume alikuwamo ndani ya chumba hicho. Alikuwa mume wake.

Mume huyo, ambaye hatajwi jina hapa kwa kuwa shauri liko mikononi mwa sheria, alihamia Kolwezi, akapata kazi ya kutunza ghala la kampuni moja. Ni kazi ya kukaa. Mbele yake kuna kompyuta mpakato, na mtandao hulipiwa na mwajiri. Alipokuja likizo ya kwanza alimletea Ramla simu nzuri. Alishinda nayo siku nzima akiiandaa, kompyuta yake ya kazini ikiwa kando, akampa ikiwa tayari kila kitu.

"Majirani walinionea wivu," Ramla anakumbuka. "Banasema, 'Ramla, bwana anakutumia mega ya internet kila siku! Wetu hawatumi hata salamu.' Na miye nilifurahi. Nilijua ile ni mapendo."

Ilianza kwa salamu za asubuhi kwa video. Zikaja za mchana. Kisha mume akataka kuona chumba. Kisha akaomba simu isimame kwenye meza ya cherehani, video ikiwa wazi, ili ajisikie yuko nyumbani. Ramla aliiegemeza kwenye kopo la vifungo, ikawa inamtazama usoni tangu anapofungua hadi anapofunga.

Mtandao wa Kisangani hukatika ovyo. Kila ulipokatika, ilikuwa kesi. "Umezima juu ya nini? Nani ameingia?" Ramla alilazimika kuinua simu na kuonyesha nyuma ya mlango, chini ya meza, hata dari.

Siku moja mume aliona shati la kiume juu ya cherehani. Lilikuwa la mwalimu mstaafu wa jirani, Papa Hubert, aliyetaka kola ibadilishwe. Alimwamuru Ramla alifumue mbele ya kamera, mshono mmoja mmoja, yeye akitazama. Ramla alilifumua lote. Tangu hapo akaacha kupokea nguo za wanaume, na karibu nusu ya mapato yake ikaenda nazo.

"Hakunipiga hata mara moja," anasema, na sauti yake inapanda. "Mikono yake ilikuwa Kolwezi. Lakini nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda choo. Mutu mukubwa, mama ya watoto, naambia telefone: bon, natoka kidogo!"

Alidhani angalau wateja amewalinda. Simu ilimtazama yeye, nao walivulia nguo kwenye kona iliyo nyuma ya simu, mahali ambapo kamera haifiki. Alichosahau ni kioo. Kioo kirefu cha kujaribia nguo kilitundikwa ukutani nyuma ya mgongo wake, kikielekea kona ile ile. Kwenye simu kilionekana kama mng'ao mdogo begani kwake. Kwenye kompyuta ya ghala, Kolwezi, kilionyesha kila aliyesimama kwenye kona.

Aliyeligundua hilo ni Josée. Yeye huuza samaki wa kukaushwa anaowafuata Yanonge, na siku hiyo alikuja kujaribu blauzi ya harusi ya mdogo wake. Alisimama kwenye kona, vifungo vya mgongoni bado wazi, akajipinda kujitazama kiooni.

"Ramla, nyuma inanikaza?"

Kabla Ramla hajainua kichwa, simu ilijibu.

"Hapana, iko muzuri."

Vikafuata vicheko, wala havikuwa vya mtu mmoja.

"Nilisikia wawili, pengine watatu," Josée anasimulia, na mkono wake unapanda kifuani kana kwamba bado anajifunika. "Nilishika liputa nikajizungushia sawa mutu ambaye nyumba yake inaungua. Nikamuuliza, Ramla, iko batu ngapi mu ile telefone yako?"

Ramla aliinyakua simu. Alikata. Simu ikaita papo hapo. Akakata tena, ikaita tena.

Kabla ya jua kufika utosini, habari ilikuwa imefika soko kuu. Wanawake walianza kuja, na hawakuja kushonesha. Walitaka vitenge vyao. "Hata kama umekata, nipe vipande!" Mmoja alisimama katikati ya barabara akapaza sauti ili kila mtu asikie: "Ramla anauzisha mwili yetu kwa bwana yake!"

Hakuna aliyemtukana mume. Matusi yote alibebeshwa aliyekuwa karibu.

Miongoni mwa waliokuja kudai kitenge alikuwa Glodie, anayetengeneza simu kwenye kibanda kando ya soko. Naye alikuja na hasira zake. Lakini alipoona simu ya Ramla ikiita bila kupumua, alinyoosha mkono akaiomba.

Alifungua WhatsApp, akaingia kwenye mipangilio, mahali panapoonyesha vifaa vingine vilivyounganishwa na namba hiyo. Kompyuta ya Kolwezi ilikuwapo, imeunganishwa tangu likizo ile. Kila ujumbe ulioingia kwa Ramla ulisomwa huko pia. Na wateja wake humtumia picha: mwanamke akiwa na gauni lililombana, akionyesha pa kupanua, wengine wakiwa na sidiria tu ili kipimo kieleweke. Picha zote hizo mume alikuwa nazo. Simu ilikuwa pia ikimtangazia mahali mke wake alipo, saa zote, na nywila kuu ya simu aliijua mume peke yake.

"Kama mutu anajua kitu haukumuambia, usikimbilie kusema ni jirani alikusema," Glodie anaeleza leo. "Anza na telefone. Nani aliitengeneza? Nani anajua code? Fungua, uangalie."

Ramla alitaka kuiponda kwa jiwe. Glodie alimshika mkono.

"Yaya, dada yangu, ukiivunja utabaki na kinywa tu. Nani atakuamini? Tupige picha kwanza."

Walipiga kila ukurasa picha kwa simu ya Glodie, pamoja na amri za mume na idadi ya simu alizopiga. Glodie akamwonya jambo jingine: mtu wa namna hii huwa wa hatari zaidi siku anapogundua amefungiwa nje, na watu wa kutuma mjini anao. Asibaki peke yake. Basi kwanza Ramla na watoto wake walihamia kwa Fatouma, mama yake mdogo, na huko, wakiwa wengi, ndipo walipoiondoa kompyuta ya Kolwezi kwenye WhatsApp, wakabadilisha nywila zote, ile ya mume wakiiomba upya kupitia namba ya Ramla, wakazima utangazaji wa mahali alipo, wakaweka WhatsApp kufuli ya pili ya namba anayoijua mwenyewe.

"Na ile code inakuja mu message," Glodie alimwambia, "hata miye usinipe."

Lakini picha zilizokwisha kuchukuliwa hazirudishwi kwa kubonyeza popote. Mume alituma ujumbe wa sauti: Ramla asipofungua simu, picha za wale mama zitatembea Kisangani nzima.

Alitegemea kwamba Ramla ataona haya na kunyamaza. Ramla akamjibu kwa miguu. Akifuatana na Fatouma, alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wanawake wale wale waliokuwa wamemtukana. "Bwana yangu iko na picha yako," alimwambia kila mmoja. "Akikuandikia, usimulipe, usimujibu, na usifute. Chunga ile message, uniletee."

Wengine walimfungia mlango. Mmoja alimwaga maji ya vyombo miguuni pake. Josée alimsikiliza akiwa amesimama, kisu cha samaki mkononi.

"Nilitaka nikuchinje weye," alimwambia alipomaliza. "Kumbe nilikosea mutu."

Mume alituma picha mbili tu. Waliozipokea hawakutetemeka wala kulipa; walizipeleka kwa Ramla. Akaacha kutuma.

Alibadilisha njia. Alimtuma kaka yake, Mahmoudi, kudai simu, ati ni mali ya ukoo. Wazee wa familia mbili wakakutana. Ramla alieleza yote, tangu kopo la vifungo hadi vicheko. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza kwa adabu.

"Alikupiga?"

"Hapana, papa."

"Alikuacha na njaa?"

"Hapana."

"Alors, bwana kuangalia muke yake, ile iko kosa gani?"

Mahmoudi alikwisha kunyoosha kiganja apewe simu. Hapo Josée, ambaye hakualikwa na mtu, aliingia kutoka uani.

"Na miye niko muke ya nani?" aliuliza. "Miye aliniangalia na ruhusa ya nani? Na wale baliocheka, ni bashemeji yangu?"

Kiganja cha Mahmoudi kilirudi mapajani. Mzee mmoja alikohoa. Ghafla lugha ya kikao ikageuka: sasa ilikuwa aibu, ilikuwa kosa, ilikuwa jambo zito. Wakaamua mume aombe radhi. Aombe radhi kwa nani? Kwa waume wa wale wanawake.

Ramla anapofika hapa anauacha utepe uanguke.

"Mwaka muzima niliangaliwa miye, ilikuwa haki ya bwana. Siku ameonekana muke ya mwingine, ikawa kosa. Na radhi banapeleka kwa banaume! Miye mu ile hesabu sikuwemo. Josée hakuwemo. Tulikuwa sawa mbuzi mbili zilikula shamba ya mutu, na sasa benye mbuzi banapatana."

Alipopigiwa simu kwa ajili ya habari hii, mume alikubali kwamba kamera ilikuwa wazi. Alisema waliocheka walikuwa wafanyakazi wenzake waliopita tu. "Yule ni muke yangu," alisema. "Ile telefone nilinunua na pesa yangu." Kisha akakata.

Simu hiyo Ramla hakuirudisha. Iko kwa Ursule, wakili anayesaidia chama cha wanawake mjini, pamoja na picha zote zilizopigwa. Wateja wamerudi, ingawa si wote, na wapo wanaovuka barabara wanapokaribia mlango wake.

Ursule aliandika mashtaka. Josée na wenzake waliwekwa kama waliotendewa uovu. Ramla aliwekwa kama shahidi, kwa kuwa simu ilikuwa yake na chumba kilikuwa chake. Wakili alidhani hiyo ndiyo njia nyepesi: wake za watu wengine, mahakama ingewaelewa haraka. Ramla alisomewa karatasi, akaomba isomwe tena, kisha akaisukuma mezani.

"Nilimuambia, maître, shahidi ni mutu alisimama pembeni akaona. Miye sikuwa pembeni."

Ursule aliandika upya, na sasa Ramla ndiye mlalamikaji wa kwanza. Wanasubiri siku ya kusikilizwa. Anajua mawakili wa upande wa pili watarudi kwenye haki ya mume, na anajua huenda akashindwa. Lakini amekwisha kujipanga.

"Wale mama watasema yao, na miye nitasimama nao," anasema, akiuokota utepe sakafuni. "Lakini ya kwangu nitaisema ya kwanza. Na jaji akiniuliza kama nilipigwa, nitamuambia: papa jaji, uliza swali ingine."