Waya Wenye Kitenge Changu

Shemeji yangu Hilari aling'oa waya mnene wa betri kwenye trekta dogo aliloniachia marehemu mume wangu, akaweka mwembamba wenye kutu, kisha akawaambia wanajumuiya wenzetu wa hapa Daa kwamba mimi ndiye niliyeliua. Alitaka nimwachie kama chuma chakavu.

Nikizungusha ufunguo, taa zilififia na starta ya kuwashia injini ililia "ka" tu. Nikapeleka betri Karatu kuchajiwa, ikawa vilevile. Ndipo nikaufuata waya kwa vidole, kutoka kwenye betri hadi pale unapofungwa kwenye bodi ya trekta. Haukuwa wangu. Wangu niliuzungushia kipande cha kitenge cha kijani, nikakishona kwa mkono.

Aliyelitaka trekta ni Hilari, basi nilikwenda kwake, nikaukuta waya wangu kwenye mashine yake ya kumwagilia vitunguu.

"Shemeji, kitenge changu kinafanya nini hapa?"

"Vitenge vinafanana, shemeji."

"Na mshono je?"

Hilari aliinama, akaanza kufungua nati.

Trekta sasa linawaka. Lakini kwenye jumuiya bado naitwa mwanamke aliyeua trekta, na Hilari hajasimama mbele yao kusema alichofanya. Maneno hayo namdai yeye.