Spika Zangu Hazikukosea, Aliyeropoka ni Ndugu Yangu

Admin, ficha jina langu. Na nyinyi wenye matusi, wekeni akiba, nimeshatukanwa ya kutosha na watu wa damu yangu. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na nne, niko hapa Isiolo town, nina duka ya kuwekea watu nyimbo na filamu kwa flash. Shule niliwacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameanza kuniuliza maswali yeye. Majina ya hawa watu nimegeuza, ingawa hawastahili.

Kompyuta yangu ilikuwa na sauti kama kifaranga ndani ya mkebe. Mteja anainama, anaweka sikio, anauliza, "Mzee, huyu anaimba ama anakohoa?" Nikachoka na dharau. Nikaleta kutoka Nairobi spika mbili za besi, zile hazina waya. Kompyuta unaweka hapa, spika iko kule, na zinasikilizana. Fundi wa mtaa akacheka eti haziwezi kushika kupita ukuta. Nilizishikisha mwenyewe bila kusoma karatasi. Siku ya kwanza nikafungulia wimbo wa injili, punda kule soko ya mifugo akalala chini mpaka korasi ikaisha, na dalali mmoja akasahau bei ya mbuzi aliyokuwa anadanganya. Uliza mtu yeyote.

Sasa, dada yangu Mama Akiru anaishi nyuma ya duka yangu, ukuta ni moja. Bwana yake alifariki, kwa hivyo sisi wajomba ndio baba ya Akiru. Mwezi uliopita wazee kutoka Leparua wakaja kumposea kijana wao. Mimi ndiye mdomo wa familia. Nikianza kuongea hata nzi anatafuta mahali akae. Nikapeleka spika zote mbili kwa sebule ya dada, kompyuta ikabaki dukani. Wageni wakaingia na muziki, wakawa wanachungulia chini ya viti kutafuta waya. Baba ya kijana akaniuliza, "Mkwe, hii sauti inatoka wapi?" Nikamwambia, "Mkwe, kwangu hata hewa inaimba."

Mnajua desturi. Wageni wakishataja mali ya mahari, wenye msichana wanatoka kando, wanaongea yao, wanarudi na jibu moja. Nikazima muziki, tukaenda dukani, mimi, dada yangu na mzee mmoja wa kanisa. Ndugu yetu mkubwa, Ekai, hakuwa amekuja. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya maji ya shamba kule Rapsu, na zamu ikikupita kitunguu inakauka. Nikampigia video kwa kompyuta. Uso ukatokea, mdomo unacheza, sauti hakuna. Nikamwambia, "Ekai, hatukusikii! Paza sauti!" Akapaza. "Bado! Ongea kama mwanaume!" Ndugu yangu akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na sisi pale dukani hatushiki neno, ni mngurumo tu nyuma ya ukuta, nikadhani ni lori inapita.

Alikuwa anasikika. Alikuwa anasikika sebuleni, kwa besi, mbele ya wazee wote wa Leparua.

"Chukueni chochote wanatoa! Msichana ameshakaa kwa mwanaume Nanyuki akarudi, mnangoja nani mwingine? Na huyo baba ya kijana ni mjinga, hawezi jua!"

Kijana alikuwa anajua, Akiru alimwambia tangu mwanzo. Baba ndiye hakujua. Tuliporudi, viti vilikuwa vitupu, chai haijaguswa, Akiru amesimama kwa mlango wa chumba anajifuta macho na leso. Baba ya kijana alikuwa ashafika geti. Akageuka akaniambia, "Hata shetani hana spika kama zako." Nikamjibu, "Na hata wewe huna!" Hapo dada yangu akanirushia kiatu.

Tangu siku hiyo lawama yote ni mimi. Ekai anasema ni mimi nilimwambia apaze sauti. Ndiyo, lakini nani alimwambia apaze ujinga? Spika zilifanya kazi yao. Zilishika kupita ukuta, kama nilivyosema! Dada yangu ametia kufuli mlango wa nyuma. Watu wa kanisa wananiruka njiani kama kinyesi cha ngamia.

Wiki hii kijana amembembeleza babake, wamekubali kurudi Jumamosi kwa sharti moja: mimi nisionekane. Atakayeongea ni binamu yetu, mtu anaanza sentensi leo anamaliza Pasaka. Nikatangaza kwamba nitaenda, nione mwanaume atakayenitoa.

Jana mchana Akiru akaja dukani mwenyewe. Nikadhani amekuja kunipigia magoti. Hata kuketi hakuketi.

"Mjomba, hiyo siku nitaitwa nitoke niseme kama nawajua wageni. Ukiwa umekaa pale, sitoki."

"Unanifukuza kwa ajili ya spika?"

"Spika ni spika tu, Mjomba. Ile siku mimi nalia, wewe ulikuja ukaniuliza kama nimesikia vile besi imetoka safi."

Akaenda zake.

Niliuliza, ndiyo. Na ilitoka safi.

Sasa nyinyi wajuaji wa hii peji, leteni hiyo akili yenu. Nikienda, msichana hatoki, na bila neno lake hakuna ndoa. Nikibaki, Isiolo nzima itasema mjomba amefungiwa nje ya posa ya mpwa wake kama mbwa. Na yeyote anayetaka kuandika eti niuze spika, apite na njia yake. Jumamosi ni kesho kutwa, na Akiru huwa hasemi kitu mara mbili. Niende, ama nibaki?