Shuka la Juu

Sikumpenda. Naliweka hilo mezani mapema ili mtu asije akanitafutia wema ambao sikuwa nao. Asubuhi alipoletwa kwenye rola, mwembamba, macho mazito kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, nilimkagua kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kwenye malapa, kisha nikamgeukia msimamizi.

"Mimi niliomba mtu," nikamwambia. "Wewe umeniletea henga ya nguo."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka wala hakununa. Alisema tu, "Shikamoo dada," na hilo nalo likanikera, kwa sababu mtu ukimtukana akakuamkia unabaki umeshika tusi lako mkononi hujui pa kuliweka.

Mimi pale dobi naitwa Kifaru. Jina hilo nimelitolea jasho. Tunafua mashuka ya hospitali na ya hoteli mbili tatu, na mimi ndiye mshika rola. Rola ni mashine ya kupigia pasi mashuka, bomba nene la chuma linalochemka na kuzunguka mchana kutwa. Shuka linatoka kwenye mashine ya kukamua bado lina unyevu, zito kama mtoto aliyelala. Watu wawili wanalishika pembe, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanalitandaza hewani na kuilisha rola kwa pamoja. Mmoja akilegea, shuka linaingia limepinda, mkunjo unapigwa pasi humo humo, na shuka zima linarudi majini. Kwa hiyo kazi hii hufanyi na mikono yako tu. Unafanya na mikono ya mwenzako, na mikono niliyoletewa mimi ilikuwa hovyo.

Kabla ya mchana tulikuwa tumeshampa jina. Polepole.

Alikuwa kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwezi, na habari zake zilinifikia bila kuzitafuta, kwa sababu dereva wa lori letu anakaa jirani na kaka yake na mdomo wa dereva hauna mlango. Polepole na binti yake walikuwa wanaishi kwa huyo kaka, kwenye chumba cha kuwekea vitu, katikati ya makopo ya rangi na baiskeli mbovu. Kazi tatu zilikuwa zimemshinda. Wifi yake alikuwa amemweka kikao akamwambia wazi kwamba hii ya dobi ikimshinda pia, ahame, na mtoto abaki. "Utamlea na mikono ipi?" wifi alimuuliza. "Hata vifungo vya sare unamfungia umekaa." Kaka mtu alikuwa pale pale, anakuna goti.

Nilisikia yote hayo na bado sikumpenda. Kila mtu pale dobi ana wifi yake.

Kilichonichosha zaidi ni ukimya wake. Kwenye rola sisi tunapiga soga, ndiyo inayosukuma siku. Yeye ukimsemesha anajibu kwa kichwa. Akipata nafasi ya kupumua anaegemea nguzo, anafumba macho. Maji anakunywa amechuchumaa. Nikaona hayo ni majivuno, mtu anajiweka kando kama malkia. Siku moja wakati wa chai nikampa vidonge vyake mbele ya watu.

"Wewe una nini hasa? Sema leo tujue."

Alikishusha kikombe chini taratibu. "Naumwa, dada."

"Unaumwa nini?"

"Uchovu."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikawaambia wote wenye uchovu humo ndani wasimame, na wote wakasimama, hata mpika chai. "Unaona?" nikamwambia. "Hospitali nzima hii. Tofauti yetu na wewe ni kwamba sisi hatujaupa heshima ya ugonjwa."

"Nyinyi mkilala unaisha," akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi naamka nao. Nikijikaza leo, kesho kutwa mwili unagoma, hata kitana nashindwa kukishika. Nimepimwa kila kitu. Wanaangalia vipimo, wananiambia hakuna kitu, umechoka tu, kapumzike."

"Basi daktari na mimi tuko pamoja," nikasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mchana ule nikaamua kumfundisha adabu. Rola yetu ina swichi ya mwendo ya kuzungusha yenye alama. Siku zote tunaiweka kwenye ya tatu. Nikaiweka ya nne. Mashuka yakawa yanamezwa kama rola ina njaa, nami nikakaza macho kwenye upande wa kushoto nikingojea aombe huruma. Hakuomba. Alivuta, akatandaza, akalisha, shuka baada ya shuka, na halikupinda hata moja. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kidevu. Nilirudi nyumbani nimefura, nimethibitisha kwamba huyu mtu nguvu anazo, ila anazifanyia uchoyo.

Kesho yake akaja, mzima. Nikamcheka. Siku iliyofuata alifika blauzi ameifunga vifungo kombokombo na kitambaa cha kichwa amekigeuza ndani nje. Midomo ilikuwa imekauka rangi. Wakati wa chai alishika kikombe kwa mikono miwili na bado kikacheza mpaka chai ikammwagikia mapajani, akaitazama inavyomwagika kama inammwagikia mtu mwingine. Hakuna mtu anayeigiza namna ile. Maigizo yanataka nguvu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, na kwa kweli nilichukia. Ni kazi ngumu kumwamini mtu ambaye umeshamaliza kumchukia. Sikumwambia kitu. Nilirudisha swichi kwenye ya tatu na nikaendelea kumfokea kama kawaida, kwa sababu ningenyamaza ghafla watu wangeuliza.

Sasa nieleze toroli, maana bila toroli haya mengine hayaeleweki. Toroli letu ni kapu kubwa la turubai lenye magurudumu, refu kwenda chini, mtu mzima anaweza kuzama humo. Likijaa mashuka safi, aliyelijaza anatandaza shuka moja juu na kuzichomeka pembe zake nne. Hiyo ndiyo ishara yetu kwamba toroli liko tayari. Likishachomekwa shuka la juu, hakuna anayeuliza wala anayechungulia. Dereva anakuja, analisukuma hadi kwenye lori, anaondoka.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya majaribio yake. Hospitali walikuwa wametuletea mlima wa mashuka na wanayataka haraka, na tangu asubuhi hatukuwa tumeinua kichwa. Tulipomaliza fungu la kwanza nilimtuma Polepole akapange yaliyokunjwa kwenye toroli, nami nikaenda kuhimiza watu wa mashine ya kukamua. Niliporudi simwoni. Toroli limejaa nusu. Nikachungulia, na mwanamke yumo ndani, amejikunja juu ya mashuka ya moto, mdomo wazi. Amelala usingizi wa kuzimia.

Nilimtikisa bega. Kichwa kiliyumba tu. Wakati huo huo nikasikia funguo za msimamizi zinalia kwenye korido. Huyu msimamizi ana sheria moja anayoipenda kuliko watoto wake, kwamba anayelala kazini akalale kwao, na miezi michache nyuma alikuwa amemfukuza kijana wa watu kwa kusinzia juu ya gunia la sabuni, saa ile ile, bila hata kumaliza chai.

Msiniulize nilimhurumia au la. Niliwaza kwamba huyu akiondoka nitaletewa mwingine wa kufundisha kuanzia sifuri. Niliwaza pia yule mtoto na vifungo vyake vya sare. Nikachota mashuka ya juu ya meza nikamfunika nayo, machache, yasimbane pumzi, kisha nikatandaza moja juu ya yote. Na mikono yangu, ambayo kwa miaka mingi imefanya jambo hilo bila kuniomba ruhusa, ikachomeka pembe nne.

Msimamizi aliingia akaanza kunisomea makosa ya wiki nzima. Nilikuwa namjibu huku nimelipa toroli mgongo. Nilipogeuka, mahali pa toroli palikuwa sakafu tupu. Nikakimbilia dirishani. Lori lilikuwa linatoka getini, na dereva ametoa kiwiko nje kwa raha zake.

"Unaangalia nini?" msimamizi akauliza.

"Mvua," nikamwambia. Jua lilikuwa kali.

Yaliyotokea kule tulihadithiwa na dereva, kwa hiyo punguzeni chumvi wenyewe. Muuguzi wa wodini alifungua shuka la juu, akachota mawili matatu, akakutana na uso wa mtu. Alipiga yowe wodi nzima ikakaa kitako vitandani. Kisha, kwa kuwa ni muuguzi, aliuliza mgonjwa huyu ni wa kitanda gani. Wakamlaza. Kwa miaka yote ambayo Polepole alisota kwenye mabenchi ya hospitali hiyo hakuwahi kupewa kitanda, sasa amekipata kwa kuletwa pamoja na mashuka yake. Daktari alikuja, akapima presha, akasikiliza moyo, akamfunua kope.

"Hana kitu," akasema. "Amechoka tu."

Wakamrudisha na lori lile lile, kwenye siti ya mbele, nyuma wakapakia mashuka machafu.

Simu ya hospitali ilikuwa imeshatangulia. Msimamizi alizima mashine akatukusanya wote mbele ya rola, na dobi likinyamaza ni mahali pa kutisha, unasikia hadi maji yanavyodondoka kwenye mabomba. Polepole alisimama katikati. Alikuwa ameshika ukingo wa meza asianguke.

"Hospitali wanasema tunawapelekea watu," msimamizi akaanza. "Nimechekwa kwenye simu. Mimi, nimechekwa." Alimsogelea. "Najua hukujichomekea mwenyewe. Kuna mtu anakuficha ulale humu. Mtaje, nitakuacha umalize majaribio yako. Usipomtaja, kachukue begi lako sasa hivi."

Hakunitazama. Lazima alikuwa anajua ni nani, maana dereva alikuwa ameshamweleza toroli alilikuta wapi na nani alikuwa amesimama kando yake. Nilikuwa nimemtukana tangu siku alipoingia, nimemcheka mbele ya watu, nimemwekea rola alama ya nne. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na mtoto wake yuko kwenye mizani.

"Nilijifunika mwenyewe, mzee," akasema.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilitaka kulala."

Msimamizi akainua mkono kumwonyesha mlango. Na mimi, sijui hasira ile ilitoka wapi, ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Sikuwa na hasira na msimamizi. Nilikuwa na hasira na Polepole, kwa kusema hadharani kwamba alitaka, kana kwamba mwili wake ulimpa hiari.

"Mwongo huyo," nikasema. Wote wakageuka. "Anakudanganya, bosi. Ajifunike na nini? Mwangalie. Huyu akikunja shuka moja anaegemea nguzo. Kikombe kinamshinda. Alianguka humo kama gunia, na hata kope hakuwa na nguvu ya kuinua. Hana uwezo wa kujifunika huyu. Nilimfunika mimi, na nikachomeka mimi."

Msimamizi alinikodolea macho. "Basi mtoke wote wawili."

"Sawa," nikamwambia, nikaanza kufungua aproni. "Rola anashika nani?"

Alitazama kulia, kila mtu akakagua malapa yake. Akatazama kushoto, hali hiyo hiyo. Nyuma yetu mlima wa mashuka ya hospitali ulikuwa unatoa mvuke, na simu ofisini ikaanza kulia. Alisimama akiisikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyostahili simu.

"Rudini kazini," akasema kwa meno. "Na wewe Kifaru, nikikukuta tena na mchezo huu, nitaishika rola mwenyewe."

Alipoondoka mashine ziliwashwa, na kelele ikarudi, na watu wakapata pa kujificha. Polepole alikuja kwenye upande wake wa kushoto. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Nadhani kuinua mkono kulikuwa gharama.

"Kwa nini unalia?" nikamfokea. "Si umebaki?"

"Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo, dada."

"Kusema nini? Nimekuita gunia."

"Wote wanasema sitaki kazi," akajibu. "Kaka, wifi, huyo daktari. Miaka yote wananiambia sitaki. Wewe umesema sina uwezo."

Nikamwambia afute uso, anaongeza maji kwenye mashuka. Halafu nikanyoosha mkono kwenye swichi ya mwendo na kuizungusha kutoka ya tatu hadi ya pili. Wenzetu wa upande wa kupokea wakapiga kelele kuuliza kuna nini, mbona rola imelala.

"Mashuka yana maji mengi leo," nikawajibu, nikamtolea jicho yeyote aliyetaka kuyapapasa. "Shika pembe yako, Polepole."

Akashika.