Magimbi ya Posa na Ulimi Wangu

Nikiikumbuka siku ile masikio yananiwaka moto hadi leo, na mie si mtu wa kuona haya upesi, maana tangu niache shule nimeshatimuliwa sehemu nyingi (Bunju peke yake mara mbili).

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Saumu, Kunduchi, na kwa mgeni mmoja wa hotelini nilikuwa nimeokota neno la Kizungu, "delicious". Nikalichunguza kwenye simu, nikakuta kumbe Wazungu hawalitumii kwa chakula kitamu tu, hata harufu nzuri, hata umbea ulionoga, basi likawa halinitoki mdomoni. Upepo wa jioni, delicious. Shati la jirani, delicious.

Siku hiyo ya Ramadhani Bi Saumu alikuwa anawapikia futari watu wanaokuja kumposa binti yake, Rehema. Alipotoka kuswali alasiri akasimama mbele ya sufuria la magimbi ya nazi, kasahau kama ameshatia chumvi. Nyumba nzima imefunga, isipokuwa mie Mkristo wa Singida.

"Daudi mwanangu, onja uniambie, nimetia chumvi au bado? Weka mchuzi kiganjani kwanza, upoe."

Kiganjani wanaonja watu wa kawaida. Mie nikapeleka upawa mzima mdomoni, ulimi ukababuka, na kuanzia hapo hata ungenilisha sabuni nisingejua. Ningesema tu nimeungua, yakaisha. Badala yake nikameza machozi yakinilenga, nikasema, "Delicious, Bi Saumu. Ila ongeza kidogo" (nimeona mafundi wote hawakosi la kuongeza). Akatia konzi nzima.

Adhana ya magharibi ikalia, wageni wakafungua kwa tende, wakageukia magimbi. Baba wa kijana anayeposa akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Mkewe naye akaacha. Na mie, nikidhani wamezidiwa na utamu, nikawaambia, "Delicious, sivyo?"

Mzee akameza kwa shida, akanisogezea bakuli. "Kula na wewe, kijana."

Nikala. Nikamaliza, nikakomba na mchuzi, wao wamenikodolea macho.

"Huyu ni wa ukoo wenu?" mzee akamuuliza Bi Saumu taratibu, na nikamwona Rehema mlangoni akijifunika uso kwa mtandio.

"Mpangaji tu," Bi Saumu akajibu haraka. Akaonja, akashika kifua. "We Daudi, si ulisema niongeze?"

"Niliungua ulimi, Bi Saumu. Hata sasa sisikii ladha yoyote."

Mzee akaomba maji, akanywa mpaka jagi likaisha. "Basi mpishi hana kosa," akasema. "Tuendelee na la binti."

Nimeapa, nikiulizwa chumvi najibu ipo, haipo, au sijui. Lile neno simtamkii mtu tena. Na siku ya harusi nilialikwa vizuri tu, ila Bi Saumu aliniita mbele ya wakwe zake wote, akachota mchuzi wa pilau.

"Lete kiganja," akasema.