Nina Mgonjwa Ndani

Paka wangu alirudi asubuhi na kidonda mguuni, bila shaka alipigana na wenzake. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikampaka asali, na shukrani yake ikawa kunikwaruza mikono yote miwili. Nikakimbilia dukani kununua pamba. Njiani jirani akanisimamisha kwa salamu ndefu, kama kawaida yake, nami nikamkatisha kwa ukali: "Niache, nina mgonjwa ndani." Kosa langu ndilo hilo.

Alasiri jumuiya yetu nzima ya kanisani iliingia uani na rozari, mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa. Mama mwenyekiti akauliza mgonjwa kalala wapi. Nikawaonyesha paka, kajinyoosha juu ya kanga yangu. Nilidhani wataondoka wamenuna.

"Tumeshafika," akasema, akafanya ishara ya msalaba.

Paka yule asiyeshikika alitulia mpaka amina, kisha akanywa maziwa.

Wakati wa kuagana, mama mwenyekiti aliiona mikono yangu. Nikajiandaa kupokea pole.

"Mwanangu," akasema, "umemfanya nini mgonjwa?"